Makovu ya mapafu kwa wenye skleroderma na magonjwa ya jamii yake: dawa nne kwenye mizani moja

Wiki chache zilizopita binti mmoja alinisubiri mpaka foleni ya dirisha la dawa ikaisha. Mkononi alikuwa na karatasi mbili za mama yake. Hospitali ya kwanza ilimwandikia mama vidonge vya mikofenoleti. Miezi mitatu baadaye daktari wa hospitali nyingine akashauri dripu za saiklofosfamaidi. Na mjomba aliyeko Uingereza alikuwa ametuma ujumbe kwamba kule watu wanatumia nintedanibu. "Dokta, mama yuko kwenye gari, ngazi hizi hawezi kupanda. Niambie tu, ipi ndiyo yenyewe?"

Sikuwa na jina moja la kumpa. Nilimvutia kiti tukazungumza karibu saa nzima. Hapa nimeyapanga mazungumzo yale na kuyaongezea, kwa ajili ya familia nyingine iliyokwama palepale.

Mama yule ana skleroderma, ugonjwa unaokaza ngozi ya vidole na uso. Uko jamii moja na baridi yabisi, lupasi, ugonjwa wa Sjögren na ule ambao kinga ya mwili inashambulia misuli. Kwa pamoja huitwa magonjwa ya tishu unganishi. Watu huyajua kwa viungo vilivyovimba na ngozi iliyobadilika, kwa hiyo macho yote hubaki huko, ilhali mapafu ndiyo yanayoondoa roho za wengi. Takwimu za vituo vya skleroderma vya Ulaya, zilizochapishwa 2010, zilionyesha kwamba katika vifo vilivyoletwa na ugonjwa wenyewe, asilimia 35 vilitokana na makovu ya mapafu na asilimia 26 na shinikizo kubwa la damu kwenye mishipa ya mapafu.

Mambo hayo mawili msiyachanganye. Dawa nne ninazozilinganisha hapa ni za makovu. Shinikizo kwenye mishipa ya mapafu lina dawa zake nyingine kabisa, na hutafutwa kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, yaani eko. Mgonjwa anayehema sana huku kipimo cha kupuliza hakijashuka sana anastahili eko haraka.

Kwanza, hakikisheni ni makovu

Kikohozi kikavu kisichoisha, pumzi inayokata njiani, na daktari akisikiliza mgongoni chini anasikia mlio kama wa kukanyaga majani makavu. Kwetu, dalili hizi zikikutana na eksirei yenye ukungu, mtu huanzishiwa dawa za kifua kikuu. Nimewahudumia waliomaliza dozi ya miezi sita, wakarudishwa kuianza upya, na makohozi yao hayajawahi kuonyesha kijidudu hata mara moja. Sisemi TB isitafutwe. Itafutwe kwa bidii, tena kwa GeneXpert, kipimo cha makohozi kinachotafuta vinasaba vya kijidudu cha TB, kwa sababu dawa za kushusha kinga zinaweza kuiamsha. Ila makohozi yakitoka safi, na mtu huyo vidole vyake hubadilika rangi kwenye baridi, au viungo vyake hukakamaa kila asubuhi, ombeni CT skani ya kifua ya vipande vyembamba pamoja na spirometri, kile kipimo cha kupuliza. Mwongozo wa 2023 wa madaktari bingwa wa magonjwa ya viungo na wa kifua wa Marekani unashauri hivyo viwili kwa walio hatarini, na haushauri kutegemea eksirei ya kawaida, kwa kuwa makovu machanga hayaonekani humo.

Neno kuhusu kale kamashine ka kubana kidoleni kupima oksijeni. Mgonjwa wa skleroderma ana vidole baridi vyenye damu haba, na kamashine hukosea. Pimeni kwenye ndewe ya sikio au kwenye paji la uso kama kuna kifaa chake. Ngozi nyeusi nayo huweza kukifanya kionyeshe namba nzuri kuliko ukweli, kwa hiyo 94 ya kidoleni isiwapumbaze mtu anapohema.

Namba ya kuihifadhi kama namba ya kitambulisho ni ujazo wa pumzi kwenye spirometri, ile inayoandikwa FVC. Utafiti wa London wa 2008 uliweka mstari ambao madaktari wengi wanautumia hadi leo: makovu yakizidi wazi asilimia 20 ya mapafu kwenye CT, au picha ikiwa ya utata na FVC ikawa chini ya asilimia 70 ya inayotarajiwa, ugonjwa umeenea. Lakini namba moja peke yake haisemi mengi. Kinachosema ni namba mbili zilizopishana kwa miezi: aliyekuwa 80 mwaka jana na leo ni 70 ana makovu yanayotembea.

Vipimo vya mizani

Kila dawa nimeipima kwa maswali sita. Inazuia makovu kwa kiasi gani? Inatumiwaje? Inadai nini mwilini? Inafanya nini kwenye uzazi? Inakaaje na TB na maambukizi mengine ya huku kwetu? Na inapatikana? Dawa zenyewe ni saiklofosfamaidi, mikofenoleti, rituksimabu na nintedanibu. Tatu za kwanza hushusha kinga. Ya nne haigusi kinga, inapunguza kasi ya utengenezaji wa kovu lenyewe.

Nguvu yake

Saiklofosfamaidi ndiyo ya kwanza kuthibitishwa. Utafiti wa Marekani wa 2006 uliwapa wagonjwa 158 wa skleroderma ama vidonge vyake kwa mwaka mmoja ama vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani. Waliopewa dawa walikuwa mbele kwa takriban pointi 2.5 za FVC. Kidogo, lakini halisi. Tatizo ni kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, faida ile ilikuwa imeyeyuka.

Mwaka 2016 watafiti hao wakaleta jibu la pili. Wagonjwa 142 waligawanywa: wengine mikofenoleti kwa miaka miwili, wengine saiklofosfamaidi kwa mwaka mmoja kisha vidonge vitupu. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa yamepanda kidogo, pointi 2 hadi 3, bila tofauti ya maana kati yao. Tofauti ilikuwa kwenye mateso: waliokuwa kwenye saiklofosfamaidi walishuka zaidi chembe nyeupe za damu, na wengi zaidi waliikatisha. Ndiyo sababu leo mikofenoleti hutajwa kwanza kwenye miongozo, kwa skleroderma na kwa wenzake wengi.

Rituksimabu ilipambanishwa na dripu za saiklofosfamaidi nchini Uingereza. Washiriki walikuwa 101, wenye skleroderma, ugonjwa wa misuli, au mchanganyiko wa magonjwa haya. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2022: baada ya wiki 24 ujazo wa pumzi ulipanda karibu sawa, mililita 97 kwa rituksimabu na 99 kwa saiklofosfamaidi. Rituksimabu haikushinda, ila ilikuja na madhara machache na prednisoloni kidogo, ile dawa ya steroidi.

Nintedanibu haipandishi namba, na hili mjomba wa Uingereza hakulisema. Katika utafiti wa 2019 wenye wagonjwa 576 wa skleroderma, waliokuwa kwenye dawa walipoteza mililita 52 kwa mwaka, wasiokuwa nayo mililita 93. Inapunguza mwendo wa kushuka, na haikuisaidia ngozi. Karibu nusu ya washiriki walikuwa tayari wanameza mikofenoleti, na waliokuwa na zote mbili ndio waliopoteza kidogo kuliko wote. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa watu 663 wenye makovu yanayosonga mbele ya aina mbalimbali, wakiwemo wa baridi yabisi, ulionyesha mililita 81 dhidi ya 188.

Msisahau kwamba kovu lililokomaa halifutiki kwa dawa yoyote kati ya hizi. Kinachotafutwa ni kuzuia jipya. Familia isiyoambiwa hili mapema huacha dawa mwezi wa nne kwa kuona mgonjwa "hajapona", wakati huenda dawa inafanya kazi yake yote.

Namna ya kuitumia

Mikofenoleti ni vidonge mara mbili kwa siku. Huanzwa kidogo na kupandishwa hadi gramu 2 au 3 kwa siku, kwa miaka. Hapa nina onyo la kifamasia ambalo sijaona likiandikwa kwenye karatasi nyingi. Wenye skleroderma wana kiungulia kikali, na karibu wote wanatumia omeprazoli na dawa za kutafuna za kutuliza asidi. Zile zenye magnesiamu au aluminiamu huizuia mikofenoleti kuingia mwilini, kwa hiyo zipishane angalau saa mbili. Omeprazoli nayo huweza kupunguza kiasi kinachofyonzwa. Msiikatishe wenyewe, maana asidi inayopanda inaweza kuingia mapafuni na kuyadhuru. Mwambieni daktari ajue zinakwenda pamoja.

Saiklofosfamaidi ipo ya vidonge vya kila siku na ya dripu ya kila mwezi, kwa kawaida mara sita. Tofauti ya jumla ya dawa mwilini ni kubwa: mtu wa kilo 50 akimeza miligramu 100 kila siku kwa mwaka anafika gramu 36.5, ilhali dripu sita za karibu gramu moja hazifiki gramu 6. Kwa hiyo mtu akisema "niliambiwa ile ni sumu", muulizeni kwanza anazungumzia njia ipi.

Rituksimabu ni dripu ya saa kadhaa, gramu moja, kisha nyingine baada ya wiki mbili, na hurudiwa baada ya miezi kama sita ikihitajika. Mgonjwa anayeishi mbali, kwa mfano anayesafiri kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, huipenda kwa sababu hiyo. Nintedanibu ni vidonge mara mbili kila siku, daima pamoja na chakula.

Inachodai mwilini

Saiklofosfamaidi inadai zaidi. Hushusha chembe za damu, huleta kichefuchefu, nywele hupungua, na mabaki yake hukaa kwenye kibofu yakakichubua mpaka mkojo ukawa na damu. Ndiyo maana siku ya dripu mgonjwa huhimizwa kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, na wengine huongezewa mesna, dawa ya kulinda kibofu. Miaka mingi baadaye huongeza hatari ya saratani ya kibofu, hasa kwa waliotumia nyingi.

Mikofenoleti huvuruga tumbo na kushusha chembe nyeupe, na damu hupimwa kila baada ya wiki chache mwanzoni. Rituksimabu huweza kuleta homa, kutetemeka au shinikizo kushuka wakati wa dripu, kwa hiyo hutolewa palipo na muuguzi wa kukaa karibu. Ikirudiwarudiwa, kingamwili za damu huweza kushuka. Nintedanibu ni ya kuharisha: karibu wagonjwa 76 kati ya 100 kwenye ule utafiti wa 576. Wengi hukaa nayo kwa loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha, na kupunguziwa dozi, lakini kwa mtu aliyekwisha kukonda hilo ni jambo zito. Ini lake hupimwa kila mwezi mwanzoni, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aangaliwe zaidi.

Uzazi

Magonjwa haya huwapata sana wanawake, wengi wakiwa bado na umri wa kuzaa, na swali hili huulizwa kwa sauti ya chini wakati mume yuko nje. Mikofenoleti huharibu mimba na kuleta watoto wenye kasoro. Inahitaji uzazi wa mpango wa uhakika, na iachwe angalau wiki sita kabla ya kutafuta mimba. Saiklofosfamaidi inaweza kukausha mayai kabisa, na hatari hupanda kadiri umri na jumla ya dozi vinavyopanda. Mwanaume nayo humpunguzia mbegu. Rituksimabu haijulikani kuua uzazi, ila maelekezo yake ni kusubiri miezi 12 baada ya dozi ya mwisho. Nintedanibu haifai kwenye mimba.

Kama mama anataka mtoto karibuni, jina la tano linaingia: azathioprini, dawa ya zamani inayokubalika kwenye mimba. Ushahidi wake kwa mapafu ni mdogo kuliko wa hizi, lakini ipo na ni ya bei nafuu. Isichanganywe na alopurinoli ya gauti bila daktari kujua, maana chembe za damu huporomoka.

TB, homa ya ini na mengine ya kwetu

Hapa ushauri wa nje hauwezi kunakiliwa ulivyo. Kabla ya rituksimabu, homa ya ini B ipimwe bila mjadala. Dawa hii inaweza kuamsha kirusi kilicholala na ini likaharibika kwa wiki chache. Kwa saiklofosfamaidi na mikofenoleti pia ni busara kupima, pamoja na VVU. Chanjo zisizo hai zitangulie rituksimabu kwa mwezi mmoja ikiwezekana, kwa sababu baada yake mwili hauzipokei vizuri.

Septrin tunayoijua kwenye kliniki za VVU hutolewa hapa kwa sababu ileile: kuzuia nimonia ya pneumosisti kinga inaposhushwa sana, hasa kukiwa na saiklofosfamaidi au rituksimabu pamoja na prednisoloni. Msione aibu kuibeba.

Kisha rifampisini. Mgonjwa akipata TB katikati ya matibabu, rifampisini hupunguza nintedanibu mwilini hadi karibu nusu, hushusha mikofenoleti, na hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Yaani anameza kila kitu vizuri na bado mapafu hayalindwi, na mimba inaweza kuingia juu ya dawa yenye madhara. Kliniki ya TB na ya skleroderma mara nyingi hazisomi faili moja. Nyinyi ndio mnabeba taarifa kati yao.

Kupatikana

Saiklofosfamaidi ni dawa ya saratani ya miaka mingi, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo nafuu kuliko zote. Mikofenoleti inajulikana kwa waliopandikizwa figo, kwa hiyo mahali penye kliniki ya upandikizaji pana watu wanaojua kuifuatilia. Rituksimabu ni ghali, na sasa zipo nakala zake. Inahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kitandani, kwa hiyo chupa iliyosafirishwa kwenye mkoba wa basi msiikubali. Nintedanibu ni gharama ya kila mwezi isiyo na mwisho. Nakala za India na Bangladesh zimeishusha bei, lakini hesabuni mwaka mzima kabla ya kununua boksi la kwanza.

Na prednisoloni?

Iko kila duka na huleta nafuu ya haraka, kwa hiyo watu huianza wenyewe. Kwa baridi yabisi au ugonjwa wa misuli ina nafasi yake. Kwa skleroderma naomba mnisikilize vizuri: dozi ya zaidi ya miligramu 15 kwa siku inahusishwa na figo kushambuliwa ghafla, shinikizo la damu likapanda na figo zikasimama. Mwongozo wa 2023 unaikataa kwa nguvu kama tiba ya kwanza ya mapafu ya skleroderma. Aliyekwisha kuianza asiikate ghafla. Apime shinikizo nyumbani na amwone daktari.

Kwa hali gani, ipi

Makovu ya wastani, namba zinashuka polepole, mgonjwa anaweza kupima damu na hana mpango wa mimba: mikofenoleti ndiyo pa kuanzia kwa wengi. Ikishindwa baada ya miezi sita hadi mwaka, kuongeza nintedanibu au kuhamia rituksimabu ni hatua za kawaida.

Anayeshuka haraka, yuko karibu na hospitali ya rufaa: dripu za saiklofosfamaidi au rituksimabu. Kama ni msichana ambaye hajazaa na fedha au bima inaruhusu, mimi ningependa rituksimabu ijadiliwe kwanza. Kama fedha hakuna, dripu sita za saiklofosfamaidi si adhabu. Zinatibu, na kinachofuata ni kuhamia mikofenoleti au azathioprini ili faida isiyeyuke.

Mwenye ugonjwa wa misuli ambaye pumzi yake inabadilika kwa siku au wiki chache hana muda wa kulinganisha. Huyo alazwe leo, na mara nyingi atapewa zaidi ya dawa moja.

Baridi yabisi yenye makovu magumu yanayosonga mbele ingawa viungo vimetulia: hapo nintedanibu ina hoja nzuri, tumbo na mfuko vikikubali. Mwenye homa ya ini B asikimbilie rituksimabu kabla ya kulindwa kwa dawa za kirusi. Mwenye TB hai atibiwe TB kwanza, na madaktari wake wawili wazungumze. Na mwenye makovu machache yasiyosogea, anayepumua vizuri, anaweza kufuatiliwa kwa spirometri kila miezi mitatu hadi sita bila dawa ya mapafu, akipata chanjo, akiacha sigara na moshi wa kuni.

Mama wa yule binti siwezi kumweka kundi lolote kati ya haya. Nilizigeuza karatasi zake zote mbili mbele na nyuma: kulikuwa na majina ya dawa na dozi, lakini spirometri haikuwepo hata moja. Nilishuka nikamsalimia garini, nikawaandikia mahali pa kwenda kupuliza asubuhi inayofuata, na nikawaomba jibu hilo walipeleke kwa daktari mmoja tu, pamoja na karatasi zote mbili.